Fizi zetu zimepimwa kwa kangomba

Mkulima wa Tandahimba, Newala, Masasi au Ruangwa hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Msimu haujafunguliwa, mtoto anadaiwa ada au kuna mgonjwa ndani, na mnunuzi anaingia uani na kopo lake. Mizani hakuna. Korosho zinajazwa mpaka zinafanya kichuguu juu ya kopo, hela inahesabiwa, biashara imekwisha. Mkulima anajua kapunjwa, lakini ukimuuliza kapunjwa kilo ngapi hana jibu, kwa sababu kopo halisemi kilo. Mimi naona ubaya mkubwa wa kangomba uko hapo: inakupunja, na inakunyima hata njia ya kujua umepunjwa kiasi gani.

Ugonjwa wa fizi umepimwa hivyo hivyo kwa miaka mingi, na sisi wa Kusini mwa Tanzania, wa Mtwara na Lindi, ni miongoni mwa watu ambao jambo hilo linatugusa zaidi. Mtu akisimama kwenye semina akasema asilimia fulani ya watu wazima wa nchi fulani wana ugonjwa wa fizi, wasikilizaji huandika namba ile kwenye daftari na kutikisa kichwa kwa huzuni. Ni nadra kusikia swali ambalo mkulima yeyote wa chama cha msingi angeliuliza kwanza: mmepima kwa mizani gani?

Tuanze na kinachopimwa. Tunaposema "ugonjwa wa fizi" tunataja mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa madhara. La kwanza ni fizi kuvimba na kutoa damu kwa sababu ya ukoga, ule utando laini wa vijidudu unaojenga kwenye meno yasiyosafishwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Aarhus, Denmark: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi, na wote fizi zikavimba ndani ya wiki tatu. Waliporudia mswaki, fizi zilipona. Hali hii ni ya kawaida mno duniani, na inarudi nyuma.

La pili halirudi nyuma. Hapa nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa zinakatika, mfupa unaliwa, ufizi unaachana na jino, na kati yake kunajengeka mfuko ambao mswaki haufiki. Jino linaanza kucheza, mwisho linatoka likiwa zima, halina hata tundu. Huu ndio unaowaacha wazee wetu mapengo.

Anayeugua la kwanza si lazima afike kwenye la pili. Löe huyo huyo aliwafuatilia wachuma chai 480 wa Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakuwahi kupata huduma ya meno, kuanzia 1970 hadi 1985. Wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Lakini asilimia 8 tu ndio walioharibika haraka na vibaya, asilimia 81 waliharibika polepole, na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa kawaida. Uchafu ule ule, kazi ile ile, mashamba yale yale, na hatima tatu tofauti. Kwa hiyo kipimo kinachochanganya uvimbe na uharibifu katika namba moja kinafuta mgawanyo ambao maumbile yenyewe yameuweka.

Na vipimo vya mwanzo vilichanganya. Mwaka 1956 Mmarekani A. L. Russell alitoa fahirisi iliyotumika sana duniani. Mpimaji aliangalia kila jino kwa macho na kulipa alama: 1 au 2 kwa uvimbe, kisha alama zinaruka hadi 6 palipo na mfuko, na 8 kwa jino lililolegea lisilotafuna tena. Alama zikajumlishwa, zikagawanywa, ikatoka wastani. Watu wa nchi maskini, wenye ukoga mwingi na fizi nyekundu, walipata wastani mkubwa. Hapo ndipo ilipojengeka picha kwamba Waafrika na Waasia tuna fizi mbovu kuliko binadamu wengine, na picha hiyo ilidumu kwenye vitabu vya udaktari muda mrefu.

Kisha ikaja CPITN mwaka 1982, kipimo cha Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hiki ndicho kilichofika kwetu. Jina lake lenyewe linasema ni kipimo cha mahitaji ya matibabu ya fizi katika jamii. Mpimaji anashika kijiti chembamba cha chuma chenye kidonge cha nusu milimita kwenye ncha na ukanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Kinywa kinagawanywa mafungu sita. Kwa mtu mzima yanapimwa meno 10 yaliyochaguliwa, na kila fungu linapewa alama ya sehemu yake mbaya kuliko zote: 0 ni salama, 1 damu, 2 ugaga, yaani ukoga uliogeuka jiwe, 3 mfuko wa milimita 4 hadi 5, na 4 mfuko wa milimita 6 kuendelea.

Kwa kazi ya vijijini kipimo hiki kilikuwa chepesi, na sitaki kuwabeza waliokibuni. Unahitaji kiti, mwanga wa jua, kijiti na mtu wa kuandika. Hata nguvu ya mkono waliifikiria: isizidi gramu 20, na namna ya kujifunza ni kuweka ncha ya kijiti chini ya ukucha wa dole gumba na kubonyeza mpaka pale panapoanza kuwa peupe. Ukizidisha hapo, fizi ya mtu yeyote itatoa damu, na utarudi mjini na taarifa ya ugonjwa uliouleta mwenyewe mkononi.

Tatizo liko kwenye ile ngazi ya alama. Inachukulia kwamba mwenye ugaga ana damu, na mwenye mfuko ana vyote viwili, kana kwamba kila mtu anapanda ngazi hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo. Tena kila alama iliunganishwa na tiba yake: alama 1 afundishwe usafi, alama 2 akwanguliwe ugaga, na kuendelea. Sasa peleka kipimo hicho kwenye kijiji ambacho watu hawajawahi kukwanguliwa ugaga maisha yao yote. Karibu kila mtu mzima atapata 2 au zaidi. Ukichukua namba hiyo ukaifanya mpango, inakwambia karibu kila mtu mzima wa kijiji anahitaji kiti cha daktari wa meno. Mtwara na Lindi kwa sensa ya 2022 zina watu wapatao milioni 2.8 kwa pamoja. Hakuna halmashauri inayoweza kuajiri wakwanguaji wa kutosha kazi hiyo, na mpango usiotekelezeka mwisho wake ni kabatini. Wakati huo yule mmoja kati ya wengi, ambaye mfupa wake unaliwa kwa kasi, amefichwa ndani ya kundi la wenye ugaga.

Walioonyesha hili vizuri walifanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania watu wazima jino kwa jino. Baadaye Baelum na Fejerskov, pamoja na Firoze Manji, walifanya hivyo Machakos, Kenya. Ukoga ulikuwa mwingi, ugaga mwingi, damu tele. Lakini uharibifu mkubwa ulilundikana kwa watu wachache. Ile hadithi ya Waafrika wote kuwa na fizi zinazooza haikusimama mara tu walipoacha kuangalia wastani na kuanza kupima milimita kwa kila mtu.

Wakaonyesha na jambo jingine ambalo mpaka leo naona halijaeleweka nje ya vyuo. Kina cha mfuko na upotevu wa mshiko, yaani urefu wa jino ulioachwa na nyuzi zinazolishika, ni vitu viwili. Kijana wa miaka 20 fizi zikimvimba, ukingo wa ufizi unapanda juu ya jino. Kijiti kinazama milimita 5, anapewa alama 3, ilhali mfupa wake haujaguswa. Mzee wa miaka 65 ufizi wake umeshuka milimita 4 na mzizi uko nje. Kijiti kinazama milimita 3 tu, mfuko hakuna, lakini mshiko uliopotea ni 4 jumlisha 3, yaani milimita 7. Kipimo cha mifuko peke yake kinamwona kijana mgonjwa na mzee mzima. Kinazidisha kwa vijana na kupunja kwa wazee, halafu anayesoma jedwali anasema ugonjwa hauongezeki sana na umri.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na meno yake hayakuoza. Yalilegea. Alikuwa analisukuma jino kwa ulimi siku nyingi, mwisho analitoa kwa vidole na kwenda kusukutua kwa maji ya chumvi. Nilipokuwa mdogo nilidhani wazee wote wanaisha hivyo. Alipobakiwa na meno manne ya mbele chini, korosho alikuwa anatwangiwa, na ming'oko, ile mizizi ya porini iliyokuwa furaha yake ya kiangazi, aliiacha kabisa akawa anatugawia sisi.

Kama mpimaji wa CPITN angefika uani kwake, angefanya hivi. Fungu la meno linapimwa tu ikiwa limebakiwa na meno mawili au zaidi yasiyosubiri kung'olewa. Mafungu matano ya Bibi yangewekwa alama ya X: hayapimwi. Fungu la sita lina meno manne, ufizi umeshuka, mfuko mfupi, ugaga upo. Alama 2. Kwenye jedwali la mkoa, mwanamke aliyepoteza karibu kinywa kizima kwa ugonjwa huu angeingia kama mtu anayehitaji kukwanguliwa ugaga. Na siku meno yale manne yangetoka, angefutika kabisa kwenye hesabu na asilimia ya wagonjwa ingeshuka.

Nikilifikiria hilo nakasirika, na sioni sababu ya kuficha. Ugonjwa unaosifiwa kupungua kwa sababu umekwisha kuwala wagonjwa wake ni kosa la hesabu linalomdhulumu mtu wa namna moja: mzee, wa kijijini, asiyefika kwa daktari.

Wakubwa nao walijikuta na kopo lao. Marekani ina uchunguzi wa taifa wa afya unaopima watu kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu walipima nusu ya kinywa tu, na kwa kila jino sehemu chache. Kwa ubora wa korosho ghalani, mkaguzi hachukui za mdomoni mwa gunia peke yake, anachukua juu, kati na chini, tena magunia tofauti, ndipo anazikata kuangalia ndani. Nusu ya kinywa ni mdomo wa gunia. Kuanzia 2009 walibadili wakapima meno yote isipokuwa magego ya mwisho, sehemu sita kila jino. Kinywa chenye meno 28 kinatoa vipimo 168. Matokeo ya 2009 na 2010 yalikuwa kwamba asilimia 47.2 ya watu wa miaka 30 na zaidi wana ugonjwa huu unaokula mfupa, na watafiti wao wenyewe wakaeleza kwamba mtindo wa zamani ulikuwa unaficha hadi nusu ya wagonjwa au zaidi. Watu wale wale. Kilichobadilika ni chombo.

Nao waliandika wazi mgonjwa ni nani, na hilo ndilo ninalolipenda. Kwa maelezo yao ya 2012, hali mbaya sana ni kuwa na angalau sehemu mbili, kwenye meno mawili tofauti, zilizopoteza mshiko wa milimita 6 au zaidi, na angalau sehemu moja yenye mfuko wa milimita 5 au zaidi. Zinahesabiwa sehemu za kati ya jino na jino peke yake. Sharti hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo, lakini kwetu lina maana. Ufizi wa upande wa mdomo unaweza kushuka kwa kusuguliwa tu: mswaki mgumu, au kipuli cha mdomoni. Wapo bado bibi wachache wa Kimakonde waliovaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Mpimaji akipima mbele ya meno yao ya juu na kukuta ufizi umeachia mzizi wazi, anaweza kuandika ugonjwa mahali palipo na msuguano wa pambo. Akipima kati ya jino na jino hatapotea kirahisi.

Namba za dunia nazo zisomwe kwa jicho hilo. Makadirio ya 2010 yalisema asilimia 11.2 ya watu duniani, kama milioni 743, wana hali mbaya ya ugonjwa huu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema zaidi ya bilioni moja, karibu asilimia 19 ya watu waliozidi miaka 15. Msomaji wa haraka ataona ugonjwa umekaribia kuongezeka maradufu. Lakini hesabu ya kwanza ilijumuisha watu wa umri wote baada ya kusawazisha umri, na ya pili imewatoa watoto. Mbali na hilo, makadirio haya hukusanya tafiti zilizotumia vipimo mbalimbali, na kumpokea kama mgonjwa mwenye alama 4 ya CPITN, au mwenye mshiko uliopotea zaidi ya milimita 6, au mwenye mfuko unaozidi milimita 5. Magunia matatu ya madaraja tofauti yamemwagwa kwenye lundo moja. Sisemi namba hizo ni uongo. Nasema usizichukue kupanga bajeti ya Nanyumbu au Liwale.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwauliza watu tu, bila kufungua vinywa. Marekani walitengeneza maswali manane ya namna hiyo, mojawapo likiuliza kama mtaalamu wa meno amewahi kukuambia umepoteza mfupa unaozunguka meno. Swali zuri kwa mtu anayekwenda kliniki kila mwaka. Muulize mvuvi wa Msimbati au mama wa Nachingwea ambaye mara pekee aliyoonana na tabibu wa meno alikwenda kung'olewa, atajibu hapana, naye atahesabiwa mzima. Swali jingine kati ya yale manane linatufaa sana: je, meno yako yamewahi kulegea yenyewe bila kuumia? Hilo halihitaji daktari awe amekwisha kukuona.

Mwongozo wa Shirika la Afya wa 2013 ulirekebisha mengi. Damu na mifuko sasa vinaandikwa mbalimbali, kwa meno yote yaliyopo, na ugaga umeondolewa kwenye ngazi. Upotevu wa mshiko bado unapimwa kwa meno teule tu. Uainishaji mpya wa ugonjwa uliotolewa 2018 ulikwenda mbali zaidi kwa jambo moja ambalo Bibi angelifurahia: meno yaliyopotea kwa ugonjwa wa fizi yanahesabiwa kama sehemu ya ugonjwa. Aliyepoteza matano au zaidi kwa sababu hiyo yuko hatua ya nne, ya juu kabisa. Ni uainishaji wa kliniki, unaotaka picha ya eksirei na mtaalamu mwenye muda, kwa hiyo hauwezi kubebwa mzima mzima mpaka kijijini. Kuhesabu meno yaliyopotea, hata hivyo, hakuhitaji umeme.

Kwa hiyo siku Mtwara na Lindi zitakapopimwa, ningeomba tupimwe kwa mizani hata kama watakaopimwa ni wachache. Heri watu 300 wapimwe kinywa kizima, sehemu sita kila jino, mfuko na mshiko vyote, kuliko 3,000 kwa meno 10. Sampuli isiishie Mtwara mjini na Lindi mjini kwa sababu barabara ni nzuri. Wapimaji wafundishwe pamoja na wapimane mikono, kila mmoja arudie vinywa vya mwenzake mpaka tofauti zao zijulikane na ziandikwe. Matokeo yatolewe kwa umri, na yataje wazi: mgonjwa hapa ni nani, kwa milimita ngapi, sehemu ngapi. Na isitolewe asilimia moja ya mkoa. Itolewe idadi ya walioharibika vibaya, kwa sababu hao ndio watabibu wachache tulionao wanaweza kuwafikia, wakianza na wenye kisukari na wavuta tumbaku, ambao inajulikana ugonjwa huu unawapiga zaidi.

Na kwa kila pengo, mpimaji aulize: jino hili lilitokaje? Lilioza, lilivunjika, au lililegea? Kwenye rejesta za vituo vya afya nako, kila jino linalong'olewa liandikiwe sababu yake kwa uaminifu, kwa maana neno "kung'oa" peke yake linazika habari yote. Watafiti watasema kumbukumbu za wazee haziaminiki. Bibi yangu angeweka kidole kwenye kila pengo akakutajia jino lile lilianza kucheza msimu gani wa korosho, mtoto gani alikuwa mgongoni, na lilikaa likining'inia siku ngapi kabla hajalitoa.